Sahihi ya Mume

Lydia, inchaji wetu mpya, yaani msimamizi wa kliniki, ndiye aliyenisukuma kuandika haya. "Sista Mutheu, tuandikie kitu fupi kabla usahau," aliniambia siku ya kuniaga. "Kitu ya kutuchekesha kidogo." Nimekaa na daftari wiki tatu. Cha kuchekesha kipo, ila si kingi. Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyote viwili vilichelewa, na vilipofika sikuona tofauti. Nitaandika kuhusu chumba cha kupanga uzazi, kwa sababu humo ndimo nilimomaliza macho yangu na magoti yangu, na humo ndimo nilimomfanyia mtu mabaya nikiwa nimevaa yunifomu safi.

Nilianzia Kawangware. Kliniki ilikuwa vyumba vitatu vya mabati nyuma ya ploti ya landlodi mmoja tajiri. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vyeupe. Kufikia saa nne vilikuwa na rangi ya Kawangware, na havikuwa vyeupe tena. Aliyenipokea alikuwa Sista Njoki, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Nilimpa vyeti vyangu. Hakuvitazama. Alishika mikono yangu akaigeuza.

"Kucha," akasema. "Kata, halafu uje tuongee."

Kila kitu ninachokijua kuhusu kumshika mwanamke bila kumtia hofu, nilifundishwa naye. Alinifundisha kulaza spekula, chuma cha kupimia njia ya uzazi, kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuitumia. "Hiyo chuma ni baridi kama moyo ya landlodi," alisema, na mke wa landlodi mwenyewe akiwa amelala pale kitandani. Mama huyo alicheka hadi tukashindwa kumpima. Jumapili alikuwa akisimama kanisani kuwaonya wanawake kuhusu dawa za kupanga. Jumatatu alikuwa akipitia mlango wa nyuma kuangaliwa koili yake ya kuzuia mimba. Hatukusema lolote. Kazi yetu haikuwa kanisa.

Wanawake wengi walikuja kwa siri. Sista Njoki alikuwa na droo moja ya kabati ambamo kadi zao zililala, ili mume asiikute kadi chini ya godoro. Mwanamke angeweza kuandikwa jina lolote alilotaka. Tulikuwa na Malkia Esta wawili. Sindano ya miezi mitatu hatukuwachoma mkononi. "Mkono unaonekana," alinieleza. "Mchome makalio, na umpe panadol mbili kwa bahasha. Akiulizwa alikuwa wapi, ako na jibu." Mambo haya hayamo katika vitabu mlivyosoma. Yashikeni.

Lakini alinifundisha jambo jingine pia, siku ambayo daktari wa kufunga uzazi alikuja kwa mara ya kwanza. Aliniita mezani, akanionyesha fomu ya ukurasa mmoja. Chini kulikuwa na mistari miwili: sahihi ya mama, na sahihi ya mume.

"Kitu yoyote ya kisu, hakikisha hii imejazwa yote," alisema. "Siku mambo ikiharibika hawatauliza ulifanya nini. Watauliza nani aliandika. Faili ikiwa sawa, wewe uko sawa."

Niliyameza yote mawili kwa pamoja, maji ya uvuguvugu na fomu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Sikujua kwamba moja lilikuwa la kumlinda mama na lingine la kutulinda sisi dhidi yake.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kibera, kliniki ya upande wa Kianda, karibu na mtaa wa Olympic. Niliikuta haina hata kabati linalofungika. Fomu za kufunga uzazi hazikuwepo. Daktari alikuwa akiandika nyuma ya kadi. Nilisikitika sana. Nilikuwa nimebeba nakala ya fomu ya Kawangware kwenye mkoba wangu, nikaitoa kopi hamsini kwa mtu wa fotokopi pale stejini. Inchaji wa wakati huo alinisifu mbele ya wenzangu. Tangu siku hiyo, kila mwanamke aliyetaka kufunga uzazi katika kliniki ile alipitia kwenye karatasi yangu.

Kibera ilikuwa na laini ndefu kuliko Kawangware. Wanawake walianza kujipanga kabla hatujafungua, wengine wakiwa na beseni za biashara, ili wakitoka waende moja kwa moja sokoni. Sindano ndiyo waliyoipenda. Vijiti vya kuzuia mimba vya mkononi vilipokuja, nilijifunza kuvitia na kuvitoa, na mpaka leo naweza kukipata kwa kidole changu kijiti kilichozama ambacho daktari amekikosa. Shida ilikuwa dawa kuisha. Zilikuwa zikiisha bila taarifa, wiki mbili, miezi miwili. Tulikuwa tukiwaambia kina mama, "Rudi wiki ijayo." Walirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo, kisha wakarudi na mimba. Na sisi, kwa midomo hii hii, tuliwauliza, "Kwa nini hukuja kwa tarehe yako?" Nimemsikia kila muuguzi niliyefanya naye kazi akiuliza swali hilo. Mimi pia nimeliuliza. Hakuna mama hata mmoja aliyetutupia kiti, na hadi leo nashangaa.

Daktari wa kufunga uzazi alikuwa akija Alhamisi moja katika kila wiki mbili. Kazi yangu ilikuwa kuwatayarisha wanawake: kuwaeleza kwamba haifunguki tena, kuwapima presha na damu, kuhakikisha fomu imejaa. Nilijulikana kwa ukali wa fomu. Mwanamke akija peke yake nilimrudisha. "Bwana yako yuko wapi? Mlete." Wengine hawakurudi, na nilijiambia kwamba hawakuwa wameamua vizuri.

Alhamisi moja mama mmoja alikuja na mume mwembamba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alisaini bila maneno. Niliona mikono yake kwa sababu natazama mikono ya watu, kama nilivyofundishwa. Rangi nyeusi ya viatu ilikuwa imeingia kwenye mistari ya vidole, na ukucha wa dole gumba la kulia ulikuwa umepasuka katikati, ukaota vipande viwili kama kwato ya mbuzi. Nilimsifu. "Wanaume kama wewe ni wachache," nilimwambia. Alitazama sakafu.

Miezi michache baadaye mama mwingine, Mnubi wa huku huku Kibera, alikuja na mumewe. Nilikuwa nikishughulika na presha ya mtu. Nilimwona mume huyo mgongo tu akitoka. Jioni nikipanga faili nikaona sahihi. Herufi zilikuwa zimelalia upande mmoja, kama zile za yule wa kwanza. Majina yalikuwa tofauti, dini tofauti. Nikaiweka faili mahali pake. Sikuwa na hakika, au sikutaka kuwa nayo.

Kisha akaja Mama Sheila.

Alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, huko huko Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, kwenye kona ambapo kanisa na baa vinatazamana. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, mwenye kuuliza maswali mazuri. Alikuwa na watoto watano, na watatu wa mwisho walitoka kwa kupasuliwa. Alipojifungua wa mwisho, daktari wa hospitali kubwa alimwambia wazi kwamba kidonda kwenye mfuko wa uzazi kimekuwa chembamba, asibebe tena. Aliniletea karatasi yenyewe, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki ili isishike harufu ya samaki.

Sindano ilimfanya atokwe damu wiki sita mfululizo. Kijiti kilifanya vivyo hivyo, nikakitoa mwenyewe. Vidonge tuliviogopa kwa sababu ya presha yake. Koili ingemfaa, ila koili hazikuwepo. Boksi lilikuwa limebaki na vumbi tangu mwaka uliotangulia. "Basi nifunge kabisa," alisema. "Watano wananitosha, Sista. Hata wawili wangenitosha, lakini sasa ndio hao."

"Baba Sheila anasemaje?"

"Ako ushago. Alienda kuzika baba yake, akabaki kumalizia mamake nyumba. Nimempigia. Anasema ngoja nirudi tuongee."

"Basi ngoja."

"Sista, akirudi baada ya miezi tatu, unafikiri tutaanza na kuongea?"

Tulicheka sote wawili. Nilimpa mipira ya kondomu, nikamshika bega. Nililisema neno hilo, ngoja, kwa upole kabisa, na ndiyo sababu sikulisikia lilivyokuwa baya.

Baba Sheila alikuja, akakaa siku nne, akarudi ushago, kijijini kwao. Waliongea, au hawakuongea; wakati huo sikujua. Wiki mbili baadaye, siku ya daktari, Mama Sheila akaja. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kando yake alisimama mwanamume mwembamba mwenye kofia.

"Huyu ndiye Baba Sheila," alisema. "Amekuja."

Chumba changu hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia, na pazia lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Laini yote ilikuwa ikituona. Nilisukuma fomu mbele ya yule mwanamume. Alipochukua kalamu nikaliona lile dole gumba.

Ningeweza kunyamaza. Mezani kulikuwa na barua ya daktari wa hospitali kubwa inayosema mwanamke huyu asibebe mimba tena. Kitanda kilikuwa tayari, daktari alikuwa ameshanawa mikono. Nililohitaji kufanya ni kutazama dirishani kwa muda wa mtu kuandika jina. Badala yake nikauliza, "Baba Sheila, mtoto wenu wa tatu anaitwa nani?"

Alimtazama Mama Sheila. Mama Sheila alifunga macho.

"Nakuuliza wewe," nilisema. "Kwa sababu mwaka huu pekee umeshanisainia wake wawili. Huyu ni wa tatu. Na kila mmoja na kabila yake!"

Laini ilicheka. Ilicheka sana, wanawake wakapigana mabega, mmoja akauliza kama bado anapokea maombi ya ndoa. Sitasema uongo: nilifurahi kuchekewa mzaha wangu. Yule mwanamume aliweka kalamu chini polepole. Jina lake ni Barasa, alikuwa fundi wa viatu katika Soko la Toi. Niligundua baadaye kwamba hakuwahi kuchukua chochote kutoka kwa wanawake wale zaidi ya soda.

"Sista," alisema, "mimi nashona viatu. Mtu akiniletea kiatu imeraruka, simwulizi bwana yake ako wapi."

Akatoka. Mama Sheila alibaki kwenye kiti. Ni yeye peke yake ambaye hakucheka.

"Mimi ndio nitapasuliwa," alisema. "Tumbo ni yangu. Si niandike mimi?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Niandike mara mbili. Hapa na hapa."

"Mama Sheila, usinitafutie shida. Mlete bwana yako, hata kesho nitakupigania upate nafasi."

Alikunja ile barua ya hospitali mara nne, akairudisha kwenye plastiki. Daktari hakuwa na mtu mwingine saa hiyo. Alikunywa chai, akasoma gazeti, kitanda kikiwa kitupu kando yake. Mimi nilichukua karatasi nikaandika kwa kalamu nene sura ya Barasa, kofia yake na kidole chake, nikaibandika ukutani juu ya meza ya usajili ili asipenye tena. Inchaji aliona, akasema ni kazi nzuri.

Baba Sheila alikuja tena kutoka ushago, na baada ya hapo mimba ya Mama Sheila niliiona kabla ya kuambiwa. Alikuwa akija kliniki ya wajawazito kwa muuguzi mwingine, na akipita mbele ya pazia langu alitazama mbele. Hospitali walikuwa wamempangia tarehe ya kupasuliwa mapema. Wiki mbili kabla ya tarehe hiyo, asubuhi, akiwa ameinama kuchagua omena, alihisi kitu kimeraruka ndani. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe baadaye. Majirani walimpakia kwenye mkokoteni wa maji, wakamsukuma hadi barabarani. Mhudumu wetu wa afya wa mtaani ndiye aliyekuja kutupa habari. Mtoto, msichana, alikuwa ameshafariki walipofika hospitalini. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka vibaya, wakautoa wote.

Nilienda kumwona siku ya tatu, na ndizi. Alikuwa kitanda cha dirishani, uso umekuwa rangi ya jivu. Nilianza kusema pole. Aliinua mkono.

"Walinipatia karatasi," alisema. "Nikiwa kwa ile kitanda ya kusukumwa. Wakaniambia mama, tunatoa uzazi yote, weka sahihi. Nikaweka. Hata haisomeki."

"Pole, Mama Sheila."

"Hakuna mtu aliuliza Baba Sheila, Sista. Hata mmoja. Nilikuwa nangoja waulize."

Aliniomba ndizi nimpe mama wa kitanda cha pili.

Wiki iliyofuata Baba Sheila mwenyewe alikuja kliniki. Asubuhi, saa za laini. Mwanamume mkubwa, suruali ina saruji, mikono ya mjengo. Nilidhani amekuja kunipiga, na nafikiri sehemu fulani ya mwili wangu ilitaka anipige tuishe. Alivuta kiti akakaa.

"Mimi ni Ouma," alisema. "Ule wa ukweli."

Nilifunga pazia.

"Bibi yangu amenieleza vile ulimwambia. Sikuja kelele. Nataka tu unionyeshe hiyo sheria. Nisome mwenyewe."

"Baba Sheila, wewe ulikubali afunge?"

"Nilisema ngoja. Alinipigia, nikasema ngoja. Nikakuja, akajaribu kuongea, nikasema wacha kwanza tumalize mambo ya mzee. Hakuniambia ile maneno ya kidonda. Aliogopa nitaona ameisha." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sikukataa, Sista. Nilisema ngoja. Nilifikiria huko kliniki kuna mtu anajua kunishinda. Sasa nionyeshe hiyo sheria."

Nilifungua kabati. Nilitoa faili ya nyaraka za wizara, kisha faili ya miongozo, kisha sanduku la makaratasi ya semina ambayo hakuna anayeyasoma. Yeye alikaa akinitazama. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa. Kila nilipokuta neno idhini, lilikuwa idhini ya mteja. Mteja. Hakuna mahali palipoandikwa mume. Nilimwomba aje kesho yake. "Nitakuja," alisema, na akaja, na bado sikuwa na kitu.

Siku hiyo ya pili nilimpigia simu Sista Njoki. Alikuwa amestaafu miaka mingi, akifuga kuku nyumbani kwake. Nilimwuliza sheria ya sahihi ya mume iko katika waraka gani.

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka ujana wake. "Waraka gani? Hiyo laini niliandika mimi."

"Wewe?"

"Kwa taipu. Kuna mzee alikuja na panga, ati tumemfungia bibi bila yeye kujua. Tulijifungia chooni mpaka jioni. Kesho yake nikaongeza hiyo laini pale chini, tujikinge. Ilikuwa ya Kawangware tu, ya wakati huo." Kisha akauliza, "Kwani bado mnaitumia?"

Nilikata simu. Nilitoka, nikamwambia Ouma kwamba hakuna sheria. Sikumwambia habari za taipu, wala kwamba karatasi ile ililetwa Kibera na mkono wangu. Alisimama, akarudisha kiti mahali pake.

"Kwa hivyo mlikuwa mnangojea mimi," alisema, "na mimi nangojea nyinyi."

Jioni hiyo nilichukua fomu, nikafuta mstari wa chini kwa ile rangi nyeupe ya makarani, nikatoa kopi mpya. Nilianza kuwaruhusu wanawake waandike wenyewe. Msinipigie makofi. Inchaji alipogundua aliniita ofisini. Nilimweleza yote. Hakubisha kwamba hakuna sheria. Aliuliza jambo moja: "Na mzee akikuja na panga, nani atatulinda?" Nilihamishiwa chumba cha chanjo. Nilikaa huko mwaka na nusu nikichoma watoto, na fomu ya zamani ikarudi mezani. Mtu alikuwa amehifadhi kopi. Nilirudishwa kupanga uzazi pale tu inchaji huyo alipoondoka, na wa baada yake hakujali karatasi, alijali usafi wa choo. Wanawake waliorudishwa katika mwaka huo na nusu siwajui. Hawakuandikwa popote. Anayerudishwa mlangoni haingii katika rejista yoyote, na kwa hivyo takwimu zetu zilikuwa nzuri.

Nilienda Toi kumtafuta Barasa. Alikuwa kwenye kibanda chake, kati ya marundo ya viatu vya mitumba, akipiga soli. Hakuinua kichwa. Nilisema nimekuja kuomba msamaha.

"Uliniaibisha mbele ya laini," alisema. "Msamaha unaniletea peke yako?"

Alitaka niseme mbele ya laini. Lilikuwa ombi la haki, na lingechukua dakika moja: asubuhi yoyote, ningesimama pale kwenye mabenchi na kusema. Nilimwambia nitafanya. Sikufanya. Nilikuwa na sababu kila wiki, kisha wiki zikawa nyingi mno kuweza kulitaja jambo. Karatasi yenye sura yake niliibandua mwenyewe. Gundi ilibaki kwenye ukuta.

Kwa Mama Sheila nilifanya nilichoona ni kizuri zaidi. Alipopata nguvu ya kurudi kwenye kona yake, nilianza kwenda kununua omena kila Jumamosi. Mimi ni Mkamba. Omena sijawahi kula. Nilikuwa nikimpa jirani yangu. Nilimwuliza Mama Sheila habari za watoto, akajibu. Sheila alipomaliza shule niliambiwa. Kidonda kilipomsumbua wakati wa baridi, nilimletea dawa. Hakuweza tena kubeba gunia. Binti wa pili ndiye aliyebeba. Miaka ilipita hivyo, na nikaanza kuwaambia watu kwamba nina rafiki Kisumu Ndogo. Mwaka jana nilimtaja hata kwenye semina, bila jina, nikiwafundisha ninyi. Nilisema kwamba mteja akikosewa anaweza kusamehe iwapo muuguzi atajinyenyekeza. Mliandika kwenye madaftari yenu. Futeni.

Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu nilienda kama kawaida. Kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu. Nilimwambia nimestaafu.

"Umemaliza kazi kabisa?" aliuliza.

"Kabisa. Sasa nitakuwa na nafasi ya kukuja hata katikati ya wiki."

Alipima omena, akaifunga kwenye gazeti, akanipa. Hakuachilia.

"Basi na sisi tumalizane, Sista. Usikuje tena."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama Sheila, mimi nilidhani tulishasameheana."

"Nani alikwambia? Mimi sijasema. Na wewe hujawahi kuuliza." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini aliyoombea kuandika mara mbili. "Nimekuuzia kwa sababu hii ni biashara, kila mtu anauziwa. Na nilikuwa nikikuogopa kidogo, kwa sababu wasichana wangu wanakuja kwa kliniki yako. Sasa hauko huko. Wewe ukikuja hapa unaenda ukisikia vizuri. Mimi nabaki nikisikia ile laini ikicheka. Kila Jumamosi."

Nilitaka kumwambia kuhusu taipu, kuhusu mkoba wangu na kopi hamsini, kuhusu mwaka na nusu wa chanjo. Nilifungua mdomo nikaona kwamba hayo pia yangekuwa ya kunifanya mimi nisikie vizuri. Nikasema, "Sawa."

Akaachilia gazeti. Akatazama juu ya bega langu, akamwuliza mama aliyekuwa nyuma anataka kiasi gani, na nikasogea nikampisha.